Ulifukuzwa Jeshi la Marekani na Karatasi Chafu? Inaweza Safishwa, Lakini Usilale

Tuseme kijana wa Takawiri, kile kisiwa cha mchanga mweupe pale Homa Bay, ameshinda Green Card akaingia jeshi la Marekani. Bichi nzima inajua. Baada ya miaka mitatu anatemwa vibaya. Akipiga simu nyumbani anasema tu, "nilitoka." Je, ameisha? Zii.

Karatasi inasema nini

Kila mwanajeshi akitoka hupewa DD 214, na hapo ndipo imeandikwa alitoka aje. Ya juu kabisa ni ya heshima kamili. Inafuata General, iko sawa lakini ina doa. Halafu kuna OTH, hiyo sasa ni noma. Chini kabisa ni zile mbili za korti ya kijeshi.

Kwa nini inauma

Pesa ya masomo ya GI Bill inataka heshima kamili, hata General haitoshi. Mbaya zaidi, kama ulipata uraia kupitia jeshi, halafu ukatemwa na OTH kabla ya kufikisha miaka 5 ya utumishi wa heshima, uraia wenyewe unaweza kunyang'anywa.

Unaanza wapi

Jaza fomu DD 293, upeleke kwa bodi ya kikosi chako inayopitia kesi za walioachishwa. Una miaka 15 tangu siku ulitoka. Hulipi hata ndururu, na hata kama umesharudi Kenya unaweza tuma. Ikikataa baada ya kusoma makaratasi tu, omba usikilizwe ukijieleza mwenyewe.

Miaka 15 imepita, ama ulihukumiwa na korti kuu ya kijeshi? Fomu yako ni DD 149, inaenda kwa bodi ya kurekebisha rekodi. Hii ina miaka 3 tangu ugundue kosa, lakini bodi inaweza kukusamehe ukichelewa na sababu poa.

Bodi inataka kuona nini

Maswali ni mawili: sheria ilifuatwa? Na je, ulitendewa haki? Kulia "nilionewa" hakutoshi, maze. Weka rekodi za utumishi, za hospitali, barua za waliokuwa nawe kikosini, na vile umeishi tangu utoke. Kama kulikuwa na PTSD, jeraha la kichwa au dhuluma ya kingono, isema wazi. Maagizo ya Pentagon ya 2017 yanataka bodi zipime kesi kama hizo kwa moyo mpana.

Usidanganywe

Kuna wasee husema ati karatasi hujibadilisha yenyewe baada ya miezi sita. Hiyo ni uongo. Usipoomba, inabaki vile ilivyo hadi uzeeni.

Kwa hivyo toa hiyo DD 214 mahali umeificha, angalia tarehe ya kutoka, uhesabu miaka umebakisha.