Mutoto akikosekana, mwanaume naye aende ku laboratware

Mwaka uliopita, kamarade moja wa ekipe ya usiku alikuja ku biro ya sendika yetu hapa Kolwezi na bahasha ya mafakture. Miaka 6 ya ndoa, mutoto hakuna. Muke wake alishapigwa radio ya mirija mara mbili, alishakunywa mizizi ya kila namna, na kwa mwisho familia ya bwana ilimurudisha kwao Likasi. Kamarade alitaka tumusaidie kampani imurudishie franga. Tukamuuliza: «Na weye, walikupima?» Akanyamaza. Kisha akajibu: «Mie niko muzima. Kitandani sina shida.»

Hatukumucheka, juu wengi wetu tunafikiri vile vile. Lakini nguvu ya kitandani ni jambo moja, mbegu ni jambo ingine. Mu mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza kwamba mutu 1 kwa 6 anakutana na shida ya kukosa kuzaa mu maisha yake. Na wanganga wanajua kwamba karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo, mwanaume ana sehemu yake, peke yake ao pamoja na muke. Juu ya nini basi ni mwanamuke paka yeye anapelekwa lupitali?

Tulienda na kamarade kwa munganga moja, akatueleza jambo ambalo hatukulisikia hata siku moja mu mikutano ya usalama wa kazi. Mu mayi ya mwanaume, zaidi ya mbegu, munaweza kuwa chembe nyeupe za damu. Hizo ni walinzi wa mwili. Mikrobi ikiingia mu prostate ao mu mirija ya mbegu, chembe nyeupe zinakuja kupigana nayo. Mwili unawaka pole pole ndani; wanganga wanaita ile inflamasio. Mara nyingi haiumi. Mutu anafanya kazi, anakula, analala, hajui kitu.

Shida ni silaha ya hao walinzi. Wanamwanga oksijeni kali, na hiyo haichagui. Ni sawa polisi wakirusha gazi ya machozi ku lango la uzine: mwizi anakimbia, na wafanyakazi nao wanakohoa. Ngozi ya mbegu ina mafuta laini yanayoharibika upesi, na mbegu haina nguvu ya kujitengeneza. Inapunguza mbio, na hata urithi inayobeba ndani unaweza kukatika. Ugonjwa ukidumu, unaweza kuacha kovu na kuziba mirija, mbegu zisipite tena.

Alama za moto huo zinapimika. Kipimo cha kwanza ni spermogramu: inahesabu mbegu, inaangalia mwendo na umbo lake. Mwanaume anakaa siku 2 mpaka 7 bila kulala na muke, kisha anatoa mayi mu chupa safi. Hapo laboratware ihesabu na chembe nyeupe. Zikipita milioni 1 mu mililita 1, ni alama ya kufuata. Lakini rangi ya kipekee inatakiwa, juu chini ya mikroskopi mbegu changa zinafanana nazo. Laboratware kubwa zinaweza kupima na elastazi, ambayo chembe nyeupe zinaacha nyuma yao, na interlekini-6 na interlekini-8, zile zinazopiga firimbi kuwaita wenzao.

Tuseme kweli: alama hizo si hukumu. Kuko wanaume wenye chembe nyeupe mingi na wamezaa. Tena si kila moto unatoka ku mikrobi. Tumbako na mishipa iliyovimba mu korodani vinaweza kuleta oksijeni kali vile vile. Kwa hiyo usikimbilie kununua antibiyotiki ku soko. Munganga atafute kwanza mikrobi gani. Ikiwa ni kisonono (wengi wanaita sopisi) ao klamidia, bwana na muke watibiwe pamoja, bila hiyo wataambukizana tena. Na usingoje matokeo kesho: mbegu mupya inatumia karibu miezi mbili na nusu kukomaa, basi kipimo cha pili ni kisha miezi 3.

Sisi wa kazi ya migodi tuna sababu ya kuongeza. Korodani zinataka baridi kuliko mwili, na sisi tunakaa saa mingi mbele ya tanuru ao mu kiti cha kamyo yenye moto. Risasi na kadmiamu zinajulikana kuharibu mbegu. Mu mwaka 2020, watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba watoto waliozaliwa na kilema walikuwa na baba wa kazi ya migodi mara mingi kuliko watoto wengine. Utafiti huo haukupima mbegu, lakini unatuambia kwamba baba naye anahesabiwa.

Kodi ya kazi ya 2002 inamulazimisha mwenye kazi kumutunza mutumikaji na familia yake wakiugua. Tunaomba basi: muke akipelekwa juu ya kukosa mimba, bwana apimwe siku ile ile, kampani ilipe, na karatasi ibaki kwa munganga, isifike ku biro ya wakubwa.

Kamarade wetu alikutwa na chembe nyeupe mingi. Alitibiwa, na kisha miezi 3 zilikuwa zimeshuka. Mutoto bado. Alienda Likasi na karatasi mu mukono. Baba mukwe aliisoma mara mbili, akamurudishia: «Nimeona. Sasa rudia hapa na wale walionirudishia mutoto wangu, nao waiseme na kinywa chao.»

Familia haijakwenda. Tunaendelea kuwasemesha.