Mgongo wa Tangi la Samaki: Rangi, Siyo Karatasi

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo hununua karatasi yenye picha ya matumbawe, wakaibandika kwa tepu nyuma ya tangi, wakadhani kazi imekwisha. Itazame baada ya wiki chache. Matone ya maji yamepenya kati ya karatasi na kioo na kuacha mabaka. Tena ukichungulia kupitia kioo cha ubavuni, picha huioni, unaona mawe na samaki walewale wakijirudia.

Kisa ni hewa. Hata karatasi ikivutwa vipi, huacha utando mwembamba wa hewa kati yake na kioo, na mpaka huo wa kioo na hewa ndio unaoakisi. Mwanga unaotoka majini ukiupiga kwa mshazari wa zaidi ya nyuzi 49 hivi haupiti kabisa, hurudi wote ndani. Na hata ule unaopiga moja kwa moja, sehemu yake hurudi, nayo huonekana sana nyuma kukiwa giza. Ukisafiri usiku kwa basi lililowashwa taa, dirishani huoni pori, unaona uso wako. Ndivyo anavyojiona samaki mbele ya karatasi nyeusi.

Kwa guppy hilo si neno. Kwa dume la mbuna wa Ziwa Nyasa, ndugu wa perege na mwenye wivu na eneo lake, ile taswira ni mpinzani asiyeshindwa wala kukimbia. Rangi iliyopakwa juu ya kioo chenyewe haiachi nafasi ya hewa, hivyo mwanga hupenya kioo na kumezwa na rangi.

Rangi gani basi? Mimi napiga kura kwa nyeusi isiyong'aa. Huficha mipira ya hewa, hita na nyaya, na huwatendea haki samaki wenyewe. Samaki wengi hurekebisha ngozi zao kulingana na mandhari. Mwaka 1983 watafiti wakiongozwa na Hiroshi Kawauchi walieleza homoni iitwayo MCH, waliyoipata katika tezi ya pituitari ya samaki salmoni. Samaki akikaa penye weupe, homoni hiyo hukusanya chembe nyeusi katikati ya seli za ngozi, naye akapauka. Penye giza chembe hutawanyika na rangi hukolea. Samaki wanaokaa kwenye mchanga mweupe, kama wale wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, wanapendeza pia mbele ya buluu hafifu. Nyeupe achana nayo.

Paka nje, daima nje. Rangi ya ndani itabanduka, na mbuna, ambao kazi yao ni kukwangua mwani kwenye miamba, wataila.

Tangi liwe tupu. Lenye urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45 hubeba maji ya kilo 180 hivi, hilo si la kuinamisha. Lilaze kifudifudi juu ya taulo, futa kioo kwa spiriti mpaka mafuta ya vidole yaishe, kisha ziba kingo na maungio ya silikoni kwa tepu ya karatasi. Tumia rangi ya maji, ile ya ukutani, na rola ndogo ya sponji. Mkono wa kwanza utatoka na michirizi ya kukatisha tamaa. Usiongeze rangi juu yake ikiwa mbichi, maana rola itaing'oa. Acha ikauke, piga wa pili, wa tatu, pengine wa nne, kila mmoja mwembamba. Kisha zima taa za chumba na uwashe tochi ndani ya tangi: palipobaki tundu patajionyesha.

Tangi likiwa tayari lina maji na samaki, usihangaike na rola, kioo chenye unyevu hakishiki rangi. Chukua plastiki nyeusi, paka gliserini upande mmoja, igandishe kwenye kioo na sukuma mapovu kwa kipande cha kadi. Gliserini huchukua nafasi ya hewa.

Ukitaka kuondoa rangi, ilowanishe kisha ingiza wembe chini yake, itabanduka vipande vipande. Lakini tangi likiwa la akriliki, wembe ni marufuku, utalichora michoro isiyofutika.