SOMO LA KUMI NA MBILI: DESTURI NJEMA ZA KILA SIKU



Wapendwa wasikilizaji, ninyi mliokusanyika na katekista wenu kijijini, nanyi mnaosoma kijitabu hiki nyumbani, katika masomo yaliyotangulia tumejifunza Amri za Mungu. Leo twajibu swali linaloulizwa mara nyingi na Wakristu wapya. Mtu amebatizwa usiku wa Pasaka kwa furaha kubwa. Mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, amekwisha kurudia ulevi, ugomvi na uvivu wa kusali. Je, Ubatizo wake ulikuwa bure?

La, haukuwa bure. Ubatizo umemwondolea dhambi ya asili na dhambi zake zote, umemfanya mwana wa Mungu. Lakini maelekeo mabaya hubaki ndani ya mtu, na mazoea ya miaka ishirini hayafi kwa siku moja. Neema ni kama mbegu njema iliyopandwa shambani. Mwenye shamba asipopalilia, majani yataisonga, ingawa mbegu yenyewe haina kasoro.

Mfano wa mgodi wa Kipushi

Sisi tunaokaa upande huu tunao mfano mbele ya macho yetu. Mgodi wa Kipushi ulifunguliwa mwaka 1924, na kwa muda wa karibu miaka 70 ulitoa shaba na zinki. Wanaume wengi walishuka humo, hata zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi. Nao waliofanya kazi huko wajua neno moja: maji hayalali. Yapenya katika mwamba usiku na mchana, tone kwa tone, wala hayangoji ruhusa ya mtu. Kwa hiyo pampu hazina budi kuyatoa kila siku, hata siku ambayo hakuna anayechimba.

Mwaka 1993 uchimbaji ulikoma. Pampu zilibaki, lakini kwa muda mrefu hazikutunzwa kama ilivyopasa. Mwaka 2011 zikashindwa, na maji yakapanda hata kufunika njia zote zilizokuwa chini ya mita 850 hivi. Ikahitajiwa kazi kubwa na gharama nyingi kuyatoa, na mwaka 2024 ndipo mgodi ulipoanza tena kutoa zinki.

Fikirini vema, ndugu zangu. Mgodi ule haukuzamishwa na gharika ya usiku mmoja. Maji yaliyoingia yalikuwa yale yale ya siku zote. Kilichopungua ni utunzaji wa kila siku. Hivyo ndivyo ilivyo roho ya Mkristu. Ni wachache wanaoiacha imani kwa kusudi, wakisema, “Leo namkana Mungu.” Wengi huacha sala ya asubuhi leo, Misa ya Dominika kesho, maungamo mwezi ujao, na maji yapanda polepole pasipo wao kujua.

Fadhila ni nini

Kanisa lafundisha kwamba fadhila ni tabia imara ya kutenda mema. Mtu aliyesema kweli mara moja hajawa bado na fadhila ya ukweli. Anayo yule ambaye amezoea kusema kweli, hata kweli yatoka kinywani mwake pasipo shida. Kinyume chake ni kilema, yaani mazoea ya kutenda mabaya. Fadhila na kilema hukua kwa njia moja, yaani kwa kurudia. Kila tendo hufungua njia kidogo, kama miguu ya watu ipitayo porini, na mwishoni njia yawa nyeupe.

Lakini tujihadhari na kiburi. Mazoea mema hayanunui mbingu. Mungu ndiye anayeanza kazi ndani yetu kwa neema yake, nasi twafanya kazi pamoja naye. Farisayo naye alikuwa na desturi nyingi nzuri, akazitumia kumdharau jirani yake.

Namna ya kujenga desturi njema

Kwanza, anza na jambo dogo. Mtu anayeahidi kusali saa nzima kila siku huenda akachoka kabla ya juma kwisha. Afadhali ishara ya msalaba, Baba Yetu na Salamu Maria tatu, lakini kila siku. Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye wanawe Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, aliwafundisha vijana kwamba utakatifu wapatikana kwa kutimiza vema wajibu wa kila siku, tena kwa moyo wa furaha. Bwana wetu naye alisema kwamba aliye mwaminifu katika neno dogo atakuwa mwaminifu katika lililo kubwa.

Pili, ulipe jambo hilo saa yake. Lifunge kwenye kazi ambayo huisahau kamwe. Mama aweza kumtolea Mungu siku yake awashapo makala. Baba aweza kusali aitwaapo jembe begani. Adhuhuri, shambani, wote wasimame kidogo kwa sala ya Malaika wa Bwana. Vivyo hivyo katika kuutunza mwili, maana Amri ya tano yatuagiza kuhifadhi uhai tuliopewa. Mkono usiguse bukari kabla ya kunawa kwa maji na sabuni. Kipindupindu kimewaua watu wengi katika Katanga, nacho hupita katika maji machafu na mikono michafu. Tena wataalamu waliowapima watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga walitangaza mwaka 2009 kwamba waliona kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Kwa hiyo ni vema kuosha mboga vizuri na kuwanawisha watoto waliocheza vumbini.

Tatu, unapong’oa desturi mbaya, panda njema mahali pake. Yezu alisema juu ya pepo aliyetoka ndani ya mtu, akarudi akaikuta nyumba tupu, akaingia na wenzake saba. Mtu amezoea kunywa lutuku kila jioni. Akiacha tu, na jioni ikabaki tupu, miguu yake itamrudisha kwa wauzaji. Basi saa ile ile akae nyumbani anywe munkoyo pamoja na mke wake, awasikilize watoto masomo yao, kisha wote wasali Rozari. Siku ya kupokea mshahara au ya kuuza mahindi, aipeleke fedha nyumbani kabla ya kupita penginepo. Sehemu ya watoto na ya likelemba itengwe siku hiyo hiyo.

Nne, usipigane peke yako. Mwambie mwenzi wako, au katekista, au ndugu katika jumuiya, jambo ulilolikusudia. Kijiti kimoja chavunjika. Mzigo wa vijiti hauvunjiki.

Tano, chunguza dhamiri yako kila jioni. Hii ndiyo pampu ya roho. Jiulize maneno matatu: Leo Mungu amenipa nini? Nimemkosea wapi? Kesho nitatengeneza nini? Kisha sema sala ya kutubu, ulale. Ukiona umeanguka, usikate tamaa. Kuanguka siku moja hakubomoi nyumba, ubaya ni kusema, “Nimekwisha shindwa, basi niendelee.” Kesho anza tena. Na kama dhambi ni kubwa, usichelewe kumwendea Padri katika Sakramenti ya Kitubio.

Mwenye heri Isidori Bakanja

Katika nchi yetu ya Kongo tunaye shahidi wa jambo hili. Isidori Bakanja alibatizwa mwaka 1906 karibu na mji uitwao sasa Mbandaka. Hakuwa padri wala mtawa, bali kijana mfanyakazi. Alivaa skapulari ya Bikira Maria, alisali Rozari, akawafundisha wenzake sala. Msimamizi wa shamba alilofanyia kazi aliichukia dini, akamwamuru kuivua skapulari. Bakanja akakataa, akapigwa viboko vikali sana. Aliteseka miezi mingi kwa vidonda vyake, akamsamehe aliyempiga, akafariki tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Je, ushujaa ule ulizaliwa siku ya viboko? Sivyo. Saa kubwa ilipofika, ilimkuta kijana aliyekwisha kuzoea kumchagua Mungu kila siku katika mambo madogo.

Maswali na majibu

Fadhila ni nini? — Fadhila ni tabia imara ya kutenda mema.

Yapatikana namna gani? — Kwa neema ya Mungu, na kwa kurudia matendo mema pasipo kuchoka.

Kwa nini Mkristu aliyebatizwa aweza kurudia mabaya? — Kwa sababu maelekeo mabaya yabaki ndani yake, naye ameacha kukesha na kusali.

Yampasa nini aliyeanguka? — Kutubu mara moja, kuungama, na kuanza tena.

Azimio la juma hili: kila mtu achague desturi moja tu, iliyo ndogo, aipe saa yake, aishike hata Dominika ijayo. Dominika baada ya Misa, amweleze katekista wake ilivyokuwa.

Tuombe: Ee Mungu Baba yetu, uliyetupa uzima mpya katika Ubatizo, utupe nguvu ya kuutunza kila siku, mpaka siku ile utakapotuita kwako. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.