Mbaazi Hanang: bei sasa iko kiganjani

WAFANYABIASHARA wa mbaazi nchini walionja machungu Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha kuagiza zao hilo na bei ikaporomoka. Huko Hanang, mkoani Manyara, Mogitu ikiwemo, aliyechelewa kupata habari ndiye huumia zaidi.

Simu janja imepunguza pengo hilo. Tangazo la New Delhi husomwa siku hiyo hiyo, picha ya mzigo hutumwa kwa WhatsApp, malipo hufuata kwa M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008. Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) nalo huendesha minada kwa mtandao.

Hata hivyo, picha haipimi unyevu wala haifichui lumbesa. Mwenye mtaji mdogo apatane bei kwa simu, lakini alipe baada ya mizani.