Kope, Salfa na Zebaki

Akina mama wengi wa makamo wanalikumbuka jina la kalikiti, dawa iliyovuma katika saluni za miaka ya 1980 kwa kuzipa nywele mawimbi laini. Jina hilo sasa limeanza kusahaulika, lakini kemia yake haikupotea, bali imehamia ukingoni mwa jicho. Mteja mwenye kope zilizonyooka hulazwa kitandani, akafumba macho kwa muda, na ainukapo kope zake huwa zimepinda kuelekea juu. Hubaki hivyo wiki sita hadi nane, hata akinawa uso kila siku. Je, ni kitu gani kilichobadilika ndani ya ukope, ambacho maji na sabuni haviwezi kukirudisha?

Ukope, sawa na unywele wowote, umefanywa kwa protini iitwayo keratini. Molekuli za keratini ni minyororo mirefu iliyolala sambamba, nayo imeunganishwa kwa vifungo vya namna mbalimbali. Viwili vyatosha kwa maelezo haya. Cha kwanza ni kifungo cha hidrojeni, ambacho ni dhaifu na huachia kwa maji. Cha pili ni kifungo cha salfa, ambapo atomi ya salfa ya mnyororo mmoja imeshikana na atomi ya salfa ya mnyororo wa jirani. Hiki ni imara, wala maji hayakiwezi.

Mwalimu aweza kuonyesha tofauti hiyo darasani bila gharama yoyote. Unywele mrefu ulolowe maji, uzungushwe kwenye penseli, kisha uachwe ukauke. Utakapofunguliwa utakuwa umejipinda, kwa kuwa vifungo vya hidrojeni vimejipanga upya. Ukilowekwa tena, mpindo huisha. Vifungo vya salfa havikuguswa, navyo ndivyo vinavyolinda umbo la asili.

Ili umbo jipya lidumu, vifungo vya salfa havina budi kufunguliwa. Mwaka 1934 Goddard na Michaelis walionyesha kwamba asidi ya thioglikoli, ikiwa katika mazingira ya alkali, huvifungua vifungo vya keratini ya sufi bila kuhitaji joto kali. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya dawa za kupinda nywele bila moto, na hatimaye dawa za kope.

Kazi yenyewe ina hatua tatu. Kwanza, kope hubandikwa kwa gundi juu ya kipande laini cha silikoni chenye umbo la mpindo unaotakiwa. Pili, hupakwa dawa yenye thioglikoli. Kila kifungo kinachofunguka huacha atomi mbili za salfa, kila moja ikiwa imepokea hidrojeni, na minyororo hupata nafasi ya kuteleza ikafuata umbo la silikoni. Tatu, dawa hiyo hufutwa, kisha hupakwa dawa nyingine, aghalabu yenye hidrojeni peroksaidi. Hii huondoa zile hidrojeni, na atomi za salfa hushikana tena, lakini sasa na majirani wapya. Ukope umepata umbo jipya, nao utadumu nalo mpaka udondoke na kuota mwingine ulionyooka kama ule wa mwanzo.

Hapa pana onyo. Dawa ya kulainisha nywele za kichwani, ambayo mara nyingi ina sodiamu haidroksaidi, isitumiwe kamwe kwenye kope. Alkali kali hupenya upesi katika jicho na yaweza kuleta upofu. Hata dawa ya kope yenyewe ina mipaka: Umoja wa Ulaya umeruhusu thioglikoli isiyozidi asilimia 11, tena kwa matumizi ya mafundi waliofunzwa tu. Dawa ikiingia jichoni, dawa ya kwanza ni maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali. Nchini Tanzania, usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango tangu mwaka 2019.

Kwa wakazi wa Geita na Kahama, salfa ya nywele ina habari nyingine. Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huiunguza ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Zebaki hupenda mno kushikana na salfa. Sehemu yake ifikayo majini hugeuzwa na bakteria kuwa methili-zebaki, ikaingia katika samaki, kisha katika damu ya mlaji, na hatimaye ikanasa kwenye salfa ya unywele unaoota. Kwa kuwa unywele wa kichwani hukua yapata sentimita moja kwa mwezi, huwa ni kumbukumbu ya miezi iliyopita. Ndiyo sababu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa walipopima afya za watu wa Rwamagasa, Geita, walichukua nywele pamoja na damu na mkojo. Mvuke wa zebaki anaouvuta mchimbaji hujulikana zaidi kwa mkojo.

Sasa msomaji ataona jinsi mambo haya mawili yanavyokutana. Dawa inayofungua vifungo vya salfa huiachisha pia zebaki iliyonaswa humo. Watafiti wa Japani wameona kwamba nywele zilizopindwa kwa dawa huonyesha zebaki pungufu kuliko ile iliyopo kweli. Unywele umesafishwa, figo na ubongo havikusafishwa. Kwa hiyo mpimaji asiyemwuliza mama anayepimwa, “Je, nywele hizi zimetiwa dawa?” aweza kumwambia kuwa yu salama, kumbe sivyo.

Swali hilo moja, ambalo fundi wa saluni angelijibu mara moja, lina thamani sawa na kipimo chenyewe.