Uwanja wa Gofu wa Kisii Usigawanywe, Ufunguliwe

Neno gofu lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya mchezo wenyewe kutufikia. Kwa mtu wa Lamu au Malindi, gofu ni nyumba iliyohamwa hata ikasalia kuta tupu, na wanafunzi wetu wangali wakipelekwa Gede kuyatazama magofu. Mzee wa pwani aliyeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba Bwana DC amekwenda kucheza gofu angekuwa na haki kamili ya kuuliza ni mchezo gani huo unaochezewa maangoni. Nautaja mkanganyiko huu si kwa mzaha tu. Nachelea kwamba mchezo huo, katika nyanda za juu za Gusii, waweza siku moja kuwa gofu kwa maana ile ya kwanza: ua umesimama wima, na ndani hamna watu.

Mjini Kisii kuna klabu ya wanachama iitwayo Kisii Sports Club, yenye uwanja wa gofu wa mashimo 9. Atakaye kutimiza mashimo 18 yaliyo desturi ya mchezo huo huuzunguka mara mbili. Wajuzi hutofautisha gofu ya ufukweni, ichezwayo juu ya michanga yenye upepo na isiyokuwa na miti, na gofu ya bara, ichezwayo ndani ya bustani ya nyasi na miti mirefu. Ya Kisii ni ya bara. Mchezaji huutega mpira juu ya kijiti, akaupiga kuelekea njia ya nyasi zilizofyekwa, akaufuata kwa miguu, akajihadhari na miti na mashimo ya mchanga, hadi afike kwenye duara la nyasi laini mithili ya zulia. Humo mna shimo lenye upana wa milimita 108 tu. Aliyetumia mapigo machache zaidi ndiye mshindi. Kanuni humruhusu kuchukua fimbo zisizozidi 14, nazo fimbo 14 si mzigo wa kuchezea. Ndiyo maana nyuma ya mchezaji aghalabu utamwona kijana amejitwika mkoba begani.

Wenyeji wa Kisii na Nyamira wanaujua utajiri wa mvua yao. Milima hii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na nyingi ya mvua hiyo hunyesha alasiri, baada ya mawingu kujikusanya upande wa ziwa. Kwa hiyo nyasi ambazo kwingineko hutunzwa kwa mabomba na gharama, hapa hustawi kwa neema ya mbingu. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo iliyowavuta watu, na watu ni wengi. Katika sensa ya 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba moja. Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Baba aliyerithi ekari tatu huwagawia wanawe, nao wana huwagawia wao, mpaka mgomba unapopandwa mpakani huanza kesi. Katika nchi ya namna hiyo, mtu apitaye nje ya uwanja wa gofu na kuona watu wanne wakitembea polepole katikati ya nyasi tupu hawezi kukosa kujiuliza: kwa nini ardhi hii isigawanywe?

Swali hilo ni la haki na lastahili jibu la hesabu, si la matusi. Mwanafunzi na achukue kalamu. Uwanja wa mashimo 9 kwa kawaida huhitaji ekari 50 hivi au zaidi. Ekari 50 ni takriban moja ya tano ya kilomita mraba. Tukiwapanga watu humo kwa msongamano ule ule wa kaunti nzima, watatosha watu 190 na kidogo. Hao ndio wote tutakaowasaidia, katika kaunti yenye watu zaidi ya milioni moja na robo! Baada ya kizazi kimoja, vipande vyao navyo vitakuwa vimekatwakatwa, na hapo tutakuwa hatuna ardhi wala nyasi. Wenyeji wa Borabu, kule Nyamira, wanakumbuka jinsi mashamba ya walowezi yalivyonunuliwa na kugawiwa wananchi katika miaka ya 1960. Ule ulikuwa ugawaji wenye maana, kwani mashamba yalikuwa makubwa na familia zilipata pa kulima. Kuukata uwanja wa gofu wa mjini hakungefanana na hilo hata kidogo. Nani asiyejua yaliyovipata viwanja vya wazi katika miji yetu, hasa katika muongo wa 1990? Vilichukuliwa kwa jina la maendeleo, na leo vimeota maghorofa ya kukodisha ilhali watoto wanacheza barabarani.

Basi mimi si miongoni mwa wanaotaka nyasi zile zing'olewe. Lakini asidhani mwanachama yeyote kwamba nimekuja kumtetea akae kwa raha zake. Maadamu nyasi ni chache kiasi hicho, anayezishika ana deni kwa jirani zake.

Yafaa tukumbuke mchezo huu ulikotoka. Mwaka 1457, Mfalme James wa Pili wa Uskoti aliupiga marufuku pamoja na kandanda kwa kuwa vijana walikuwa wakiacha kujizoeza upinde. Mfalme hapigi marufuku mchezo wa mabwana wachache. Huo ulikuwa mchezo wa umma. Katika mji wa St Andrews, hati ya mwaka 1552 ilithibitisha haki ya wenyeji kuitumia ardhi ya ufukweni kwa gofu na kwa kandanda. Hadi leo viwanja vya huko ni vya umma, na ule mkongwe kuliko vyote hufungwa kwa wachezaji siku za Jumapili ili watu wa mji watembee humo na watoto wao. Yaani huko kwao kwenyewe, nyasi ni za mji.

Huku kwetu mchezo ulikuja umevaa koti jingine. Uliletwa na watawala na walowezi, ukazungushiwa ua, na kwa miaka mingi Mwafrika aliruhusiwa kuingia katika vilabu vya namna hiyo akiwa mpishi, mfyeka nyasi au mbeba mkoba. Kitu kimoja hunichoma nikifikiria habari za Gusii hasa. Katika miaka ya 1910, serikali ya kikoloni ilivunja ebisarate, zile kambi za ng'ombe ambamo vijana wa Abagusii waliishi pamoja, wakachunga, wakashindana mieleka na kufunzwa uanaume. Vijana wakanyang'anywa uwanja wao wa pamoja, na mabwana wakajitengea wa kwao. Uhuru ulipokuja, rangi ya wanachama ilibadilika. Ua haukubadilika sana.

Wala asinidanganye mtu kwamba watoto wa huku hawana kipaji cha michezo. Nyantika Maiyoro alikimbia Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, wakati Kenya ilipopeleka timu yake ya kwanza. Naftali Temu alituletea dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki, mbio za mita 10,000, Mexico, mwaka 1968. Robert Ouko alikuwamo katika kikosi cha kupokezana vijiti kilichonyakua dhahabu Munich mwaka 1972. Yobes Ondieki alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, mwaka 1993. Na katika kandanda, ni nani aliyewaona mashabiki wa Shabana timu yao iliporejea ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17, akasema watu hawa hawapendi michezo? Riadha na kandanda zilistawi kwa sababu hazikuhitaji mtu kugonga lango. Katika gofu, ambayo ilirudishwa katika Olimpiki mwaka 2016 baada ya miaka 112, hali ni tofauti. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na hadi yale ya 2025 hakuna Mkenya aliyewahi kuyashinda. Jacob Okello alikaribia mwaka 1998, akashindwa katika mchuano wa ziada na Ricardo González wa Argentina. Mchezo unaochezwa na wachache huzaa mabingwa wachache. Hilo halihitaji profesa.

Mlango, hata hivyo, ukiachwa wazi kidogo tu, hutokea makubwa. Mjini Brookline, Marekani, palikuwa na kijana aitwaye Francis Ouimet, aliyekaa ng'ambo ya barabara kutoka klabu ya matajiri iitwayo The Country Club. Alikuwa akiwabebea wanachama mikoba. Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 20, aliingia katika mashindano ya wazi ya Marekani yaliyochezwa kwenye uwanja huo huo, akawashinda Harry Vardon na Ted Ray, mabingwa wawili kutoka Uingereza. Aliyembebea mkoba siku hiyo alikuwa Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10. Walimu mnisamehe kwa kusema yaliyo kweli: mtoto huyo alikuwa ametoroka shule.

Simsimulii Eddie ili wanafunzi wa Nyamira waige utoro wake. Nasema tu kwamba yule abebaye mkoba huona kila pigo, hujua mteremko wa kila duara la nyasi, na hujua ni fimbo gani itumike upepo unapogeuka. Nchini mwetu ujuzi huo mwingi umelala begani mwa vijana wanaolipwa ujira wa mzunguko mmoja, ambao wengi wao waliacha masomo mapema. Hawa wangeweza kuwa walimu wa kwanza wa gofu wa shule zetu.

Na hapa nafikia jambo ambalo mwalimu, hata asiyejali michezo, hana budi kulisikiliza. Gofu haina refa wa kumfuata mchezaji kila hatua. Mtu huhesabu mapigo yake, na akikosea kanuni, hata kama hakuna aliyeona, hujiongezea adhabu. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani, mpira wa Bobby Jones ulisogea kidogo katika nyasi ndefu alipokuwa akijiandaa kuupiga. Wasimamizi hawakuona. Yeye alisisitiza aongezewe pigo moja. Mwisho wa raundi nne akawa sare na Willie Macfarlane, kisha akashindwa katika mchuano wa ziada. Lile pigo moja ndilo lililomkosesha ubingwa.

Linganisheni hayo na hali yetu. Baada ya mitihani ya 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa kidato cha nne yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na mwaka 2016 bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa. Tangu hapo karatasi za mtihani hulazwa ndani ya makontena yenye kufuli, na askari wenye bunduki huzisindikiza. Tumeongeza marefa juu ya marefa. Je, ni wapi ambapo mtoto wetu hupewa nafasi ya kuwa mwaminifu pasipo kuchungwa? Sidai kwamba mpira mdogo mweupe utatibu maradhi hayo. Wapo wachezaji gofu walaghai, na baadhi yao twawapigia kura. Nasema tu kwamba ni vigumu kumfunza mtu kujihesabia haki katika shule ambamo kila kitu huhesabiwa na askari.

Kuna mwalimu mkuu atakayeniuliza, "Fimbo za gofu nitazinunua na fedha zipi, ilhali maabara yangu haina hata mirija ya kioo?" Ana haki. Lakini mwanafunzi anayeanza hahitaji fimbo 14. Fimbo tatu kuukuu zatosha darasa zima kupokezana, na hapana klabu isiyokuwa na wanachama waliorundika fimbo za zamani nyumbani. Mtaala mpya nao umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya shule za upili za juu. Mkondo huo utafundishiwa wapi, ubaoni? Hata somo la hisabati lingepata mfano mzuri katika hendikapu, ule utaratibu wa kumpunguzia mchezaji dhaifu mapigo kadiri ya uwezo wake ili ashindane sawasawa na hodari.

Klabu ya wanachama ni mali ya wanachama, nami siombi wanyang'anywe chochote. Ikiwa watoto wao wanafunzwa gofu, ni jambo jema. Nawasemea watoto wa wasio wanachama, wa Suneka, wa Keroka, wa Kebirigo. Na itolewe asubuhi moja katika juma, siku ya kazi, shule mbili kwa zamu, moja ya Kisii na moja ya Nyamira, chini ya mwalimu wao na vijana wawili wa mikoba watakaolipwa kwa kufundisha. Siku ya Jumanne, tuseme, saa nne. Wanachama huwa wako afisini na madukani, umande umekwisha kukauka, na mvua haijafika.