Homa ya Bonde la Ufa: Jinsi virusi vinavyolishambulia ini la ng'ombe

Ugonjwa huu, uliotambuliwa Kenya mwaka 1931 na kuua watu nchini humo, Somalia na Tanzania kati ya mwaka 2006 na 2007, humfikia ng'ombe kwa kuumwa na mbu. Virusi huzaliana kwanza katika tezi za limfu, kisha husafiri na damu hadi kwenye ini. Hapo ndipo penye balaa: chembe hai za ini hufa kwa wingi, damu huvuja ndani kwa ndani, na mwenye mimba huitupa. Ndama ndio wafao zaidi.

Wakazi wengi wa mijini walisusa nyama wakati ule, ilhali hatari kubwa imo katika damu mbichi, si katika kitoweo kilichoiva. Mchinjaji huweza kuambukizwa hata kupitia mchubuko mdogo mkononi.